Mgao wa Duka la Samani Watoka Wapi?

Mpwa wangu anayeishi Atlanta, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ameniandikia akitaka ushauri. Kwa miaka minne amekuwa akiweka akiba ili amjengee mamake nyumba ya mawe. Sasa amevutiwa na hisa za Havertys, kampuni ya kuuza samani iliyoanzishwa katika mji huo mwaka wa 1885 na ambayo ina maduka zaidi ya 120. Amepiga hesabu kwa bei ya mwishoni mwa mwaka wa 2024, dola 22 hivi kwa hisa, akaona kwamba mgao wa senti 32 kila robo mwaka ni karibu asilimia 6. "Mjomba," aniuliza, "kampuni iliyowalipa wenyehisa kila mwaka tangu 1935 yaweza kunitupa?"

Swali hili si la kudharauliwa. Kampuni iliyolipa wenyehisa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na ikaendelea hata maduka yalipofungwa mwaka wa 2020 kwa ajili ya korona, ina desturi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, mgao si riba. Benki ikikuahidi riba, hilo ni deni lake kwako. Bali mgao ni hiari ya wakurugenzi, na wanaweza kuupunguza kwa kikao kimoja asubuhi. Kwa hivyo mimi sikuuliza mgao umelipwa kwa miaka mingapi. Niliuliza unatoka wapi.

Hebu tutazame hesabu zenyewe. Mwaka wa 2022 Havertys iliuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni moja, na kila hisa ikazaa faida ya dola 5.24. Mwaka wa 2023 faida hiyo ilishuka hadi dola 3.36. Mwaka wa 2024 mauzo yalikuwa dola milioni 723, na faida ya kila hisa dola 1.19 pekee. Mgao wa mwaka huo, ukijumlisha robo zote nne, ulikuwa dola 1.26. Yaani kampuni iliwapa wenyehisa senti saba zaidi ya ilichochuma kwa kila hisa. Mwaka mmoja wa namna hiyo haumfilisi mtu, hasa kampuni isiyo na mkopo wa benki na iliyokuwa na kiasi cha dola milioni 120 taslimu. Lakini chovya chovya yamaliza buyu la asali. Tena katika fedha hizo za taslimu zimo amana za wateja waliokwisha kulipa na ambao bado wanangojea makochi yao.

Kilichoangusha mauzo si uzembe wa wakuu wa kampuni. Mmarekani hununua kitanda na meza anapohamia nyumba mpya. Riba ya mikopo ya nyumba, iliyokuwa chini ya asilimia 3 mwaka wa 2021, ilipita asilimia 7 mwaka wa 2023, na watu wakakataa kuhama. Nyumba zilizobadilisha wenyewe mwaka huo hazikufika milioni 4.1, idadi ndogo kupita zote tangu 1995. Kisha Oktoba 2025 serikali yao ikatoza ushuru wa asilimia 25 kwa makochi na viti vya mbao vyenye mito vinavyotoka nchi za nje. Kochi kuukuu huvumilika. Mkate hauvumiliki, na ndiyo sababu muuza mkate na muuza kochi hawapimwi kwa mizani moja.

Jambo jingine lililomghura kijana huyu ni migao maalum: dola 2 mwaka wa 2020, dola 2 tena mwaka wa 2021, kisha dola moja moja katika miaka miwili iliyofuata. Yeye aliijumlisha na ile ya kawaida akapata asilimia za kutisha. Nilimkumbusha kwamba mwaka huo wa 2020 kampuni iliuza baadhi ya maghala yake kwa dola milioni 70, kisha ikayakodi kwa wanunuzi. Si hila, na hakuna kilichofichwa. Ila ghala huuzwa mara moja, nayo kodi hulipwa kila mwezi.

Nikitaja samani na hisa, siwezi kuisahau Steinhoff ya Afrika Kusini, iliyokuwa na maduka hadi Ufaransa. Desemba 2017 mkuu wake, Markus Jooste, alijiuzulu, na siku ya pili hisa zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Wachunguzi walitangaza mwaka wa 2019 kwamba shughuli za yuro bilioni 6.5 zilikuwa za kubuni. Walioumia ni pamoja na watumishi wa serikali ambao akiba yao ya uzeeni ilikuwa humo. Havertys haina doa hilo, na sitaki msomaji anielewe vibaya. Naitaja kwa sababu wengi waliokuwa na hisa za Steinhoff walitazama ukubwa wa maduka wasitazame kama fedha taslimu zilikuwa zikiingia kweli.

Na wasomaji wa hapa nyumbani wanaotamani hisa za Marekani wajue kwamba Kenya haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Asilimia 30 ya mgao hukatwa kabla haujawafikia. Ile asilimia 6 basi hubaki 4 na ushei.

Nimemjibu mpwa wangu hivi: kama ana fedha asizozihitaji kwa miaka saba au minane, anunue kiasi, kwa maana soko la nyumba likifufuka huenda duka hilo likanufaika kuliko wengi. Akinunua, asome taarifa ya kila robo mwaka na aweke mgao kando ya faida, senti kwa senti. Lakini fedha za nyumba ya mamake zibaki benki. Dadangu amekwisha kuchimba msingi, na fundi anangojea mawe mwezi ujao.