Tawi lililovunjika Mbudya



Hivi karibuni tuliwachukua watoto kwa mashua kutoka Kunduchi hadi kisiwa cha Mbudya. Wakubwa tulizama na mitungi ya hewa, mita sita hivi. Wadogo walielea juu kwa miwani ya kuzamia. Mwanetu alipochoka, alisimama juu ya tumbawe. Tawi likakatika.

Nahodha, mtu mzima wa pale, hakumkaripia. Alisema tu: "Mjukuu wangu, umemkanyaga kiumbe."

Mtoto alidhani ni jiwe, na wengi wetu tunadhani hivyo. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa. Lenye matawi hurefuka sentimita chache kwa mwaka. La mviringo, yapata sentimita moja. Lenye ukubwa wa pipa huenda limewazidi umri babu zetu.

Wazee wa Kaole, karibu na Bagamoyo, walijenga misikiti yao kwa mawe ya matumbawe, na magofu yake yangali yamesimama. Wao walichukua wakajenga pa kusujudia. Kizazi chetu kimetega baruti: mlipuko mmoja huvunja kazi ya miongo, samaki wachanga wakakosa maficho, na anayelala njaa mwishowe ni mvuvi mwenyewe. Joto la bahari la mwaka 1998 nalo liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya pwani yetu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni visiwa vya hifadhi.

Kwa familia zinazotaka kuzama, tunausia haya. Jifunzeni kwa mwalimu mwenye cheti. Msizuie pumzi mnapopanda juu, kwani hewa hutanuka na kuweza kupasua mapafu. Vazi la kuzamia la mwili mzima lenye kofia, likivaliwa na shungi na kanzu pana juu yake hadi wakati wa kuingia majini, humsaidia dada kujisitiri. Ila nywele na kitambaa visiingie chini ya ukingo wa miwani, maji yatapenya. Msisimame juu ya matumbawe, wala msinunue kombe na matumbawe ya mapambo.

Mwanetu alitaka kulichukua lile tawi nyumbani. Tukamwambia alirudishe majini kwa mkono wake mwenyewe, naye akalirudisha. Amana hairudishwi kwa maneno.

Wabillahi tawfiq.