Linux haina bei, lakini ina mwenye ufunguo

HATUA ya Microsoft kukomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025 iliwapa wengi sababu ya kufikiria Linux. Hata hivyo, bei si hoja ya pekee.

Programu za Snap husambazwa kupitia duka linalodhibitiwa na kampuni ya Canonical. Linux Mint iliuzuia mfumo huo mwaka wa 2020. Flatpak humruhusu yeyote kufungua ghala lake.

Kwa mafundi wanaoendesha kompyuta wakiwa mbali, Ubuntu 25.10 ilibakiza Wayland pekee kwenye GNOME. Wayland huzuia programu kutazama skrini nzima bila idhini, hivyo zana zilizotegemea X11 zimekwama. Suluhu ni RDP iliyomo ndani ya GNOME.

Asiyeuliza nani anashika ufunguo atakuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe.