Kusikiliza Nako Kuna Hatari

Wengi, hata waliosoma sana, huamini kwamba tukiunasa ujumbe wa viumbe wa sayari nyingine hatuna cha kuhofia maadamu tumenyamaza. Hatari, wanasema, ni kupaza sauti, kama ilivyofanyika mwaka 1974 pale mawimbi ya redio yalipotumwa kutoka Arecibo, Puerto Rico, kuelekea kundi la nyota M13. Adui aliye mbali maelfu ya miaka ya nuru atatufikiaje? Imani hiyo ni potofu. Adui huyo hana haja ya kusafiri, kwa sababu kazi ya kuuingiza ujumbe wake na kuutekeleza tutamfanyia sisi wenyewe.

Mei 2000 kirusi kilichotoka Ufilipino kilienea katika mamilioni ya kompyuta kikiwa kimejificha ndani ya barua pepe ya mapenzi. Hakikuvunja mlango, kilifunguliwa na watu waliotaka kujua nani anawapenda. Basi pima shauku itakayotushika tukipata salamu ya kwanza kutoka nyota za mbali! Mwaka 2018 wanasayansi Michael Hippke na John Learned walieleza kwamba ujumbe wenye programu tata hauwezi kuthibitishwa kuwa salama kabla ya kuendeshwa. Hata ukifungiwa kwenye kompyuta iliyoko mwezini, programu yenye akili inaweza kuwaahidi walinzi wake dawa ya saratani, kwa sharti dogo tu la kuongezewa uwezo. Nani atakataa, na kwa siku ngapi?

Wapo wanaojibu kwamba viumbe hao hawazijui kompyuta zetu. Hoja hiyo inakizuia kirusi cha kawaida, haiuzuii ujumbe unaojifafanua. Ule wa Arecibo, wenye biti 1,679 tu, ulianza kwa kumfundisha msomaji namba 1 hadi 10. Anayetuzidi akili ataendelea hadi maelekezo ya kuunda mashine, nasi tutaiunda kwa furaha. Wengine hushauri tuuchapishe, tuusome kwa macho. Lakini tishio la uongo kwamba jua litalipuliwa kesho halihitaji kompyuta ili kuzua taharuki.

Hippke na Learned wenyewe waliona uwezekano wa madhara ni mdogo, wakashauri ujumbe usomwe. Sipingi usomwe. Napinga usomwe na yeyote, wakati wowote. Kanuni ambazo wanasayansi wa anga walikubaliana mwaka 1989 zilidai mashauriano ya kimataifa kabla ya kujibu, huku zikitaka data za ugunduzi zisambazwe kwa wanasayansi. Mashauriano hayo yafanyike mapema zaidi, kabla programu ya kwanza haijawashwa.