Si kila homa ni malaria

Hapa Kisumu, mtu akiamka na homa hukimbilia duka la dawa kununua dawa ya malaria. Asipopata nafuu, huongeza antibiotiki. Tabia hii yafaa ikomeshwe, na historia ya ziwa letu yatuonyesha sababu.

Mnamo 1959 ugonjwa mgeni ulizuka kaskazini mwa Uganda. Waacholi waliuita o'nyong'nyong, kwa maana ya kulegea viungo. Ulienea hadi Nyanza, na kufikia 1962 watu wapatao milioni 2 walikuwa wameugua Afrika Mashariki. Dalili zilikuwa homa, vipele vya kuwasha, tezi kuvimba na maumivu makali ya viungo. Wataalamu wa Entebbe waligundua kuwa ni virusi vinavyoenezwa na mbu wa Anofelesi, yule yule aenezaye malaria.

Virusi hivi hubeba urithi wao katika RNA. Havizaani peke yavyo. Huingia ndani ya seli ya mtu na kuigeuza kiwanda. Lakini seli ina walinzi. Virusi vinaponakili RNA yao, nyuzi mbili ndefu hushikana, jambo lisilo la kawaida katika seli yenye afya. Walinzi wakiziona, seli hutoa interferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957. Hii ni kama mbiu ya kuwaonya majirani wafunge milango. Mbiu hiyo huchangia homa na uchovu, wakati mwili ukiendelea kuunda kingamwili maalum, kazi ya siku kadhaa.

Dawa ya malaria haiponyi ugonjwa huu, wala antibiotiki, ambayo huua bakteria tu. Mgonjwa hupona, akaisifu dawa, kumbe ni mwili wake uliopigana. Siku nyingine homa huwa ya uti wa mgongo, naye hupoteza muda wa thamani akimeza dawa isiyofaa.

Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Sisi madaktari pia tuna lawama: kipimo kikionyesha hakuna malaria, baadhi yetu bado huandika dawa ili kumridhisha mgonjwa. Tuache.

Msomaji, ukiwa na homa, nenda ukapimwe upesi, hasa ikiwa ni mtoto au mja mzito. Na kila usiku lala ndani ya neti. Mbu ni mmoja, magonjwa ni mawili.