Mama wa Watoto Wengi Ana Haki Yake

Ndugu Waislamu, Mei 4, 2021 mama mmoja wa Mali, Halima Cissé, alijifungua watoto tisa kwa mpigo mjini Casablanca, Morocco: wasichana watano na wavulana wanne. Walizaliwa njiti, mimba ikiwa ya wiki 30, na wote waliishi. Wengi tulisema "Mashaallah", tukaishia hapo.

Lakini Serikali ya Mali ndiyo iliyompeleka mama huyo Morocco, madaktari na wauguzi wakawahudumia vichanga hao, na familia haikurejea kwao mpaka Desemba 2022. Allah (SW) aliwahifadhi watoto wale kwa kupitia mikono ya watu wengi.

Majumbani mwetu, mama mwenye mimba ya nane huambiwa amekwishazoea. Hakuzoea. Uzazi wa mara nyingi humzidishia hatari ya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Nayo Suratul Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, na inambebesha baba chakula na mavazi ya mama.

Asemaye kuwa kila mtoto huja na riziki yake amesema kweli. Ila ajiulize, riziki hiyo Allah ameipitisha mkononi mwa nani? Baba amfikishe mkewe hospitali mapema, amtafutie msaidizi, ampe nafasi ya kupumzika. Kumsifu mama kwa wingi wa wanawe, kisha kumwachia mzigo peke yake, ni dhulma.

Wabillahi Tawfiq.