Kinanda cha Mtaani na Fundi Wake
Anayejenga kinanda cha mtaani hawezi kuwa fundi wa kazi moja. Achonge mirija ya mbao, agundishe ngozi ya mivukuto, kisha apange muziki na kuutoboa kwenye kadibodi. Gurudumu likizungushwa, mivukuto hujaa upepo na kitabu kirefu cha kadibodi hupita juu ya vidole vidogo vya chuma. Kila tundu likifika, kidole huinuka na mrija wake hulia. Mfumo huo wa vitabu ulitoka kwa fundi Gavioli wa Paris mwaka 1892, ukayashinda magogo ya zamani ya kuzungushwa, yaliyopigiliwa misumari na kubeba nyimbo chache tu. Lakini fundi ninayemheshimu kuliko wote ni Carl Frei, Mjerumani aliyefungua karakana Breda, Uholanzi, mwaka 1920. Yeye aliweka mirija miwili kwa noti moja, akaipishanisha sauti kidogo sana ili wimbo utetemeke. Wengine wangeiita kasoro. Frei aliisikia kuwa uzuri, na hadi leo Waholanzi huitambua sauti hiyo kuwa yao. Aliupanga muziki mwenyewe, na hapo ndipo naona ukuu wake, maana kinanda kizuri chenye kitabu kibovu ni kelele tupu. Ukipita Amsterdam au Utrecht na mwenye kinanda akakutikisia kopo lake la shaba, usimpite. Tia sarafu, kwani ngozi ya mivukuto huchakaa na lazima ibadilishwe.