Nyumba za mnada zisiwe za wenye fedha taslimu tu

Mfanyabiashara wa Namanga au Busia anaijua hofu hii: hati ya nyumba iko benki, mzigo umekwama mpakani, marejesho yamechelewa. Kinachofuata ni dalali. Masharti ya mnada mara nyingi hudai robo ya bei papo hapo, hivyo mpangaji mwenye kipato cha uhakika hushindwa kushiriki na nyumba huchukuliwa na tajiri kwa bei ya kutupa.

Marekani wana njia nyingine. Tangu 1934, shirika la serikali liitwalo FHA hudhamini mikopo ya nyumba, na wakopaji huchangia ada. Mkopaji akishindwa, benki hufidiwa na nyumba huweza kuangukia mikononi mwa serikali. Ikiuzwa, anayetaka kuishi humo hutangulizwa kabla ya wawekezaji. Akikopa kupitia FHA, malipo ya awali yanaweza kuwa asilimia 3.5 tu. Walimu, polisi na wazimamoto huweza kupata punguzo la nusu bei katika maeneo maalumu, wakiahidi kuishi humo miaka 3.

Si zawadi: nyumba huuzwa jinsi ilivyo, hata kama paa linavuja.

Serikali za Afrika Mashariki zianze na dhamana ya namna hiyo, kisha zimtangulize mnunuzi mkaaji. Wanunuzi wakiongezeka, bei hupanda. Deni likishalipwa, kinachobaki humrudia aliyepoteza nyumba. Kwa mfanyabiashara, huo ndio mtaji wa kuanza upya.